Punguza Ampea Kwanza, Boksi Utanunua Baadaye: Niliyowaambia Mafundi Jumamosi Industrial Area

Wengi mmeniomba niandike yale niliongea Jumamosi kuhusu kutumia stima kukinga chuma na kutu. Nimekaa na rekodi ya simu usiku mbili nikaandika venye ilitoka, ila ile sehemu jenereta ya jirani ilianza kunguruma nimeruka, hata mimi mwenyewe sijisikii.

Mwenyekiti asante. Wazee wangu wa jua kali, akina mama wenye vituo vya mafuta, makeateka wa mitaa, mafundi wa stima, na nyinyi vijana mmejibanza kule nyuma karibu na birika la chai, hamjambo? Nimepewa dakika 40, na kwa karatasi mada imeandikwa vizuri sana, vyanzo vya umeme vya bei nafuu vya kukinga chuma kilichozikwa na kilichozama majini. Lakini simu zenye mimi hupigiwa ni za swali moja tu, la lile boksi la kugeuza stima ya ukuta iwe ya kukinga chuma, "fundi, hiyo rektifaya ni pesa ngapi?" Na mimi huwa sijibu bei, narudisha swali, unalinda nini, na hicho kitu kimeshikana na nini? Mtu anakasirika, anaona namzungusha. Leo mtajua kwa nini nazunguka.

Tuanze na mawe ya redio. Wale wa rika langu mnakumbuka, mawe yakikaa ndani ya redio miaka mingi yanatoa majimaji yanakula ile spring. Lile ganda la jiwe ni zinki, na stima yote umesikiliza mpira nayo ilitoka kwa zinki kuliwa pole pole. Sasa tangi lako la dizeli chini ya ardhi ni jiwe la redio kubwa. Sehemu moja ya chuma iko kwa udongo wenye maji, sehemu nyingine iko kwa mchanga mkavu wenye hewa, udongo unapitisha chaji, chuma chenyewe ndio waya, na hapo hapo mkondo unaanza kutoka upande mmoja unaingia upande mwingine. Penye unatoka ndio penye kutu inakula. Penye unaingia, chuma kinabaki salama. Nawaomba mshike hilo moja tu, stima ikitoka kwa chuma kuingia udongoni inabeba chuma, ikiingia haibebi.

Na inabeba kiasi gani? Hii ni hesabu ya Faraday ya miaka ya 1830, haijabadilika. Ampea moja ikitoka kwa chuma mwaka mzima inaondoka na kilo 9 hivi. Kilo 9 kwa tangi la tani kadhaa unaweza kusema ni kidogo, shida ni kwamba haitolewi sawasawa kila mahali, inatolewa kwa tundu moja lenye rangi ilikwaruzwa siku ya kushusha tangi na kreni, na kutoboa tundu la ukubwa wa msumari hakuhitaji kilo 9, gramu kadhaa tu zinatosha.

Kwa hivyo ujanja wetu ni kusukuma mkondo kinyume. Unachukua waya hasi unafunga kwa tangi, waya chanya unafunga kwa kipande cha chuma kingine umekizika pale kando, chenye mmekubaliana kitaliwa badala ya tangi. Hicho ndio anodi. Boksi la katikati lenye linasukuma ndio rektifaya, na ukitumia magnesi (magnesiamu, si sumaku) au zinki hata boksi huhitaji, kwa sababu hizo metali zenyewe zinasukuma, ni jiwe la redio umelitengeneza makusudi.

Si kitu kipya. Mwaka wa 1824 bwana mmoja Mwingereza, Humphry Davy, aliulizwa na jeshi la majini kwa nini shaba waliyofunika nayo meli chini inaliwa na bahari, akaenda akafunga vipande vya zinki na chuma kwa hiyo shaba, ikaacha kuliwa kabisa. Shida ikawa moja. Ile sumu ya shaba kuyeyuka ndio ilikuwa inafukuza konokono na majani ya baharini, sasa shaba haiyeyuki tena, meli zikaota vitu chini zikawa nzito kama zinavuta mkokoteni. Kazi yake ilifaulu mpaka ikakataliwa. Mimi huyu bwana humkumbuka sana nikiwa kwa saiti.

Alafu mwaka wa 1928 kule New Orleans Marekani, Robert Kuhn akafunga rektifaya kwa bomba la gesi, na ndio huyo alitupatia ile namba mafundi wa hii kazi wanaota nayo usiku, volti hasi 0.85 ukipima na elektrodi ya shaba na mrututu, yaani fito ya shaba ndani ya maji ya kopa salfeti, unaiweka juu ya udongo. Chuma kikiwa kwa udongo peke yake utasoma kama hasi 0.5 mpaka 0.7. Ukikisukuma kikafika hasi 0.85 au zaidi, kutu imelala. Ukizidisha sana, ukapita hasi 1.2 hivi, unaanza kutoa haidrojeni kwa chuma na rangi inabanduka, kwa hivyo ile tabia ya kusema "weka nyingi tu tuwe salama" muiache, hii si mbolea.

Sasa hesabu, na mtanisamehe wale hampendi hesabu, lakini pesa yenu iko hapa.

Chukua tangi moja la kituo cha mafuta, kipenyo mita 2.5, urefu mita 6. Ukipima ngozi yake yote unapata kama mita mraba 57. Kama ni chuma kitupu bila rangi, ndani ya udongo, kinataka tuseme miliampea 20 kwa kila mita mraba, hiyo ni ampea 1.14. Sasa lipake koti nzuri, tuseme asilimia 2 tu ndio imekwaruzwa. Unahitaji miliampea 23. Tangi tatu ni kama miliampea 70. Nani hapa ako na chaja ya simu? Angalia maandishi yake, imeandikwa volti 5, ampea 2. Ile kitu inalala kwa soketi ya jikoni ina nguvu ya kutosha kulinda tangi tatu na inabaki na nyingine ya kumwagia jirani. (Watu walicheka hapa, lakini sikuwa natania.)

Kwa hivyo wakati mtu anakuuzia rektifaya ya volti 50 ampea 20 kwa tangi tatu zenye koti nzuri, muulize kwa upole, ndugu yangu, hizi ampea zingine zinaenda wapi?

Ntawaambia zinaenda wapi. Kuna kituo fulani upande wa Mombasa Road, sitakitaja, niliitwa na mwenyewe, mama mmoja mpole sana lakini siku hiyo alikuwa amechemka. Alikuwa amelipia boksi kubwa, linasukuma ampea 11, tokeni zinaisha kama maji, na bado tangi linasoma hasi 0.6. Fundi wa kwanza alimwambia aongeze boksi la pili. Mimi nilizunguka na mita asubuhi yote. Tangi ziko sawa, koti iko sawa. Lakini kila pampu ya mafuta imefungwa kwa waya wa athi, ule wa kupeleka stima iliyovuja ardhini, na athi zenyewe ni fito za shaba nane chini ya ardhi, alafu paipu zimepita ndani ya simiti zikagusa vyuma vya msingi wa kanopi. Mkondo wetu ulikuwa unaacha tangi unakimbilia shaba na nondo. Shaba haina koti, iko uchi, inakunywa stima yote unayompa na haishibi. Na mbaya zaidi, boksi likizimwa, hiyo shaba ikishikana na tangi inageuka kuwa ndio inalila tangi, kwa sababu chuma na shaba wakiwa pamoja kwa udongo, chuma ndio mnyonge. Nondo ndani ya simiti nazo zina tabia hiyo hiyo.

Hapo najua kuna kijana anafikiria, basi nikate athi. Usithubutu! Kwa kituo cha mafuta athi ndio inazuia cheche na ndio inaokoa mtu stima ikivuja, hakuna hesabu ya kutu yenye thamani ya hiyo. Tulichofanya ni kutoa zile fito za shaba tukaweka za chuma chenye zinki, flanji zikawekwa gasketi na bushi za kutenganisha penye paipu zinatoka ardhini, na penye lazima athi ibaki imeshikana tukaweka kile kifaa kinachopitisha stima ya AC na radi lakini kinazuia DC ndogo, ile ya njia moja kama ya boksi letu. Ampea zikashuka kutoka 11 mpaka chini ya moja. Lile boksi kubwa tukalizima, mama akaniuliza sasa hii nitafanyia nini, nikamwambia uza, akasema nani atanunua, na kusema kweli mpaka leo liko kwa stoo yake limewekewa matairi juu.

Hiyo ndio sababu nawazungusha kwa simu. Chanzo cha umeme cha bei rahisi kuliko vyote ni koti nzuri na kutenganisha. Kila ampea umezuia kupotea ni ampea hutanunua milele.

Haya, ampea zimeshuka, kinafuata nini? Omu. Upinzani wa udongo na kitanda cha anodi, yaani pale anodi zimezikwa. Kuna bomba la maji ambalo kweli linahitaji ampea 8, ni refu na koti yake ni ya zamani, tuseme hivo. Ukizika anodi vibaya ukapata omu 4.75, unahitaji volti 38, ongeza kama 2 za anodi yenyewe kukataa, unafika volti 40. Mara ampea 8 ni wati 320. Boksi la transfoma la kawaida lenye ufanisi wa asilimia 60 litavuta wati 533 kwa ukuta, usiku na mchana. Kwa mwaka ni yuniti 4,670 hivi, na nikiweka shilingi 25 kwa yuniti, kwa mfano tu, kwa sababu bei hubadilika kila mwezi, unalipa karibu shilingi 117,000. Sasa rudi nyuma, ongeza anodi, zizike ndani zaidi, zungushia koki (makaa ya mawe yaliyochomwa, si koki ya maji), shusha omu mpaka 1.5. Volti zinakuwa 14. Wati 112. Ukitumia boksi la kisasa la asilimia 85 ni wati 132 kwa ukuta, yuniti kama 1,150, shilingi 29,000. Bomba ni lile lile, ulinzi ni ule ule. Tofauti ya shilingi 88,000 kila mwaka ilikuwa imezikwa kwa shimo lenye mtu alichimba fupi kwa sababu vibarua walikuwa wamechoka.

Na Nairobi yetu ina udongo aina mbili zenye hazipatani. Ukiwa huku Embakasi, Syokimau, Athi River, ni ule mweusi wa kunata. Ukinyeshewa unapitisha stima vizuri sana, na kwa sababu hiyo hiyo unakula chuma vibaya. Ukikauka Februari unapasuka nyufa za kuingiza mkono, unaachana na anodi kabisa, omu zinapanda, na boksi lenye halina akili ya kufuata linashusha ampea bila kukuambia. Kwa hivyo kwa udongo mweusi anodi iende chini ya hizo nyufa, mita 3 na zaidi, na boksi liwe la kushikilia mkondo, yaani wewe unaweka ampea, lenyewe linatafuta volti. Ukienda Kiambu, Limuru, Karen kwa ule mwekundu, maji yanapita haraka, upinzani uko juu, kutu inaenda pole lakini pia anodi za magnesi zinakuwa kama zimelala. Usikisie. Wale mko na mita ya kupima athi yenye miguu minne, piga misumari minne kwa mstari, nafasi sawa, chukua omu zidisha na 6.28 zidisha na nafasi kwa mita, umepata upinzani wa udongo. Dakika 20.

Anodi yenyewe je? Hapa ndio jua kali inaingia. Unaweza kununua anodi ya chuma cha silikoni au titani yenye koti maalum, ni nzuri, inakaa, lakini inatoka nje na bei yake ni ya dola. Ama unaenda Kariobangi Light unanunua chuma chakavu, reli kuukuu, paipu nzito, bloku ya injini. Inaliwa kilo 9 kwa ampea kwa mwaka, hesabu ni ile ile. Kwa ampea 1, miaka 10 ni kilo 90, ongeza nusu ya hiyo kwa sababu haiishi sawasawa, tuseme kilo 140. Hiyo si kitu. Kwa ampea 8 ni zaidi ya tani moja, hapo anza kufikiria silikoni. Na koki iwe koki ya kweli, ya watu wa kuyeyusha chuma. Mkaa wa jikoni haupitishi stima vizuri, kuna mtu aliniletea gunia la mkaa akisema si ni nyeusi pia.

Ila waya chanya, jamani waya chanya! Hii ndio inaua saiti nyingi kuliko kitu kingine chochote. Waya hasi ukikwaruzwa hakuna neno, unalindwa pamoja na tangi. Waya chanya ukikwaruzwa hata kidogo kama unyayo wa sisimizi, shaba iliyo wazi inakuwa yenyewe anodi, inaliwa, inakatika, wakati mwingine ndani ya wiki chache. Alafu boksi linawaka taa ya kijani na halisukumi chochote. Kwa hivyo pesa uliyookoa kwa anodi ya skrapa weka kwa waya wenye ganda nene na kwa jointi iliyomwagiwa resini. Na uzike ndani, si tu kwa sababu ya jembe. Mnakumbuka serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 kwa sababu nyaya na vyuma vya stima vilikuwa vinang'olewa, ile njaa ya shaba haijaisha mtaani.

Sasa boksi. Mlikuwa mnangoja hapa tangu saa nne.

Lile la zamani, transfoma yenye tepu na bridji ya daiodi, ni zito, linapata moto, linapoteza. Daiodi mbili njiani zinakula karibu volti 2, ukisukuma volti 14 huoni, ukisukuma volti 5 umepoteza robo ya stima pale pale. Lakini radi ikipiga linakohoa linaendelea, na likiungua unaita mafundi wa kusokota waya za mota, halihitaji spea kutoka ng'ambo. Mimi kwa Kisii, Kakamega na kote huko penye radi inapiga kama ngoma, bado naweka hili. Nairobi mjini na ampea chache naweka la kuchapa haraka, la suichi modi, ni jepesi, asilimia 85 mpaka 90, na nabeba la pili kwa gari, la kwanza likifa nabadilisha kwa nusu saa.

Na vya Luthuli Avenue, kule kwa maduka ya elektroniki? Najua mnaenda Luthuli, hata mimi huenda. Sikatazi, lakini nisikilizeni vizuri kwa sababu hapa kuna kufa.

Kwanza, kati ya stima ya 240 na tangi lazima kuwe na transfoma ya kutenganisha, koili mbili zisizogusana. Usichukue bridji ukaifunga moja kwa moja kwa ukuta na balbu katikati, nimeona hiyo, nimeona na mtoto akicheza na bomba la hapo. Zile draiva za taa za LED za ampea 0.7 ni nzuri ajabu kwa kazi hii kwa sababu zenyewe zinashikilia mkondo, lakini nyingi za bei ya chini ndani hazijatenganishwa, tafuta zenye zimeandikwa SELV (maana yake volti ndogo salama, imetenganishwa na stima ya ukuta), na uangalie volti ya chini kabisa inayokubali, nyingine haziwaki chini ya volti 20 na wewe unataka 6. Pili, pawa saplai ya kompyuta, watu wanaipenda kwa sababu ni mia tano tu kwa duka la mitumba, lakini upande wake wa hasi umefungwa kwa athi ndani ya boksi. Unajua maana yake? Umefunga tangi kwa shaba ya mtaa mzima, ile kazi yote ya yule mama wa Mombasa Road umeifuta kwa waya mmoja. Tatu, chaja za betri za kisasa zenye akili, zikikosa betri zinazima. Zile za zamani za kijinga ndio zinafaa. Na chochote utanunua, weka kizuia radi pande zote mbili, fyuzi, na boksi la chuma lisiloingiza mchwa na mijusi, na kwa kituo cha mafuta likae mbali na mvuke wa petroli, huko ukutani kwa ofisi.

Alafu ukishafunga, kabla ya kuondoka, pima. Washa, sindano iende upande wa hasi zaidi. Kama ilikuwa hasi 0.55 na sasa ni hasi 0.3, umegeuza waya. Nalisema hili na aibu kidogo kwa sababu nilifanya mimi, si fundi mwingine. Mwaka wangu wa pili kazini, jioni, mvua, tochi imekufa, nikafunga chanya kwa bomba. Wiki mbili. Nilirudi kuchukua vipimo nikakaa chini kwa matope. Mkondo ulikuwa mdogo na bomba halikutoboka, lakini tangu siku hiyo mimi hupiga picha ya mita kabla na baada, hata kama mwenye kazi ananiambia harakisha tufunge geti.

Sola, haraka haraka. Ile mfano wa ampea 8 kwa volti 14 ni saa za wati 2,688 kwa siku. Nairobi mwezi wa Julai na hayo mawingu yetu mimi huhesabu saa 4 za jua la nguvu, nikitoa hasara za asilimia 30 nahitaji paneli za wati 960 na betri za siku tatu ambazo kuzilinda utahitaji askari. Lakini ile ya ampea 1 kwa volti 6 baada ya kupunguza? Wati 6. Paneli ya wati 50 au 60 na betri moja. Ni sola ya kuwasha taa za nyumba ndogo. Mnaona venye kila kitu kinarudi kwa ampea? Na kwa bomba lenye koti nzuri, stima ikipotea usiku mmoja si msiba, chuma kinakumbuka kwa masaa mengi. Msiba ni breka imeanguka Machi na mtu anajua Septemba. Kwa hivyo mimi huacha ampea mita ya sindano nje ya boksi na namwambia soja, kila tarehe mosi piga picha tuma WhatsApp. Haina gharama.

Hapo mzee mmoja wa mbele akainua mkono, akauliza na mashua je, ana boti Kisumu na amenunua zinki kutoka Mombasa, mwaka wa tatu huu zinki iko vile vile, nzima, inang'aa, si ni nzuri? Nikamwambia mzee wangu, pole, zinki ikikaa nzima ujue boti ndio inaliwa. Zinki ni ya maji ya chumvi. Maji ya Kilindini yanapitisha stima, ya Ziwa Victoria hayana chumvi, zinki inajifunika ngozi inalala. Kwa maji baridi weka magnesi, na utumie kidogo maana inasukuma sana, rangi isibanduke. Akasema sasa na majani yataota kama ya yule Mwingereza? Nikamwambia la, boti yako ni ya chuma si ya shaba, majani yanaota tu hata usipoweka kitu. Ukumbi ukacheka, naye akacheka.

Mama mwingine aliuliza kama tangi tatu zinahitaji miliampea 70 tu, kwa nini asiachane na stima kabisa. Hilo ndio swali bora la siku. Kwa udongo mweusi, mama, achana nayo. Anodi mbili za magnesi za kilo 7.7, kila moja ndani ya gunia la jipsamu sehemu 75, bentonaiti 20 na sodiamu salfeti 5, kwa udongo wenye unyevu zitatoa miliampea 60 au 70 kila moja. Magnesi inaliwa kilo 8 hivi kwa ampea kwa mwaka kwa hali halisi, kwa miliampea 70 ni zaidi ya nusu kilo kidogo tu kwa mwaka. Hakuna tokeni, hakuna breka, hakuna wa kuiba kwa sababu haionekani. Lakini tenganisha kwanza, ukifunga magnesi kwa athi ya shaba itaisha kabla hujamaliza kulipa mkopo wake.

Na fundi mmoja wa mabomba akakumbusha kitu nilikuwa nimesahau, nikamshukuru. Ukienda kukata bomba lenye linalindwa, zima boksi kwanza, na ufunge waya mnene kuruka pale penye utakata kabla ya kukata. Bomba lina mkondo ndani, ukilitenganisha linaweza kutoa cheche, na kama ni la mafuta hamtapata nafasi ya kulaumiana.

Tulimalizia nje. Nilikuwa nimekuja na elektrodi 4 nimetengeneza nyumbani, paipu ya PVC, fito ya shaba, plagi ya mbao inayopitisha unyevu chini, na mrututu nilinunua kwa duka la dawa za shamba, ule ule wanaonyunyizia kahawa kule Murang'a kwa kutu ya majani, ukachanganywa na maji mpaka ukakataa kuyeyuka. Ukumbi una tangi la maji la chuma limezikwa nusu pale karibu na geti. Tukamwagia udongo maji kidogo, kijana mmoja kutoka kule nyuma kwa birika akashika mita, waya mmoja kwa tangi, mwingine kwa elektrodi. Ikasoma hasi 0.52. Akauliza sasa tunafanyaje. Nikamwambia songa hatua mbili, pima tena, andika.